Siku Nilipofungua Mlango Nikafuta Mvua

Mzee alikuwa akinisubiri chini ya mgomba, kofia mkononi. Mvua ya Aprili ilikuwa imepumzika kidogo, maji bado yanadondoka kwenye majani. Nikampa shikamoo, akaitikia, lakini siku hiyo hakunikaribisha kiti kama kawaida yake. Alinipeleka moja kwa moja katikati ya uwanja, palipokuwa na kopo lake la maziwa ya unga limekaa juu ya kigingi. Akachomeka rula ya shule ndani, akaitoa, akanionyesha alama ya maji.

"Hii ni ya jana peke yake," akasema. "Haya, fundi, mashine yako inasemaje?"

Nikafungua kiboksi, nikachomeka kebo, nikafungua laptopu. Mashine yangu ilisema sifuri.

Hapo ni Kibosho, juu ya Moshi mjini, kwenye kihamba cha kahawa na migomba. Nilikuwa nimewafungia wakulima watano wa jirani kipima mvua kimoja cha pamoja. Juu kuna funeli, na chini ya funeli kuna kijikombe chenye vyumba viwili, kinachopinduka kila chumba kikijaa maji yanayolingana na milimita 0.2 za mvua. Kikipinduka, sumaku ndogo inapita mbele ya swichi, na bodi ya Arduino Uno, yaani kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa, inaongeza moja kwenye hesabu yake. Kuna betri, kuna paneli ndogo ya sola, kuna kiboksi cha plastiki cha kuzuia unyevu. Walikitaka kwa sababu ya chule buni. Ugonjwa huo unapenda baridi na unyevunyevu, na mkulima anayejua mvua imenyesha siku ngapi na kwa kiasi gani anajua lini apulizie dawa, na lini dawa aliyopulizia imekwisha kuoshwa. Dawa inauma mfukoni, na buni iliyooza ikiwa changa haina pa kupelekwa.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya tatu kupanda kule, na sifuri ya tatu. Safari ya kwanza nilidhani majani yameziba funeli, nikaisafisha. Safari ya pili nikabadilisha swichi. Na kila safari, kabla sijashuka, nilimwaga kikombe cha maji kwenye funeli nikiwa nimekodolea macho skrini, na hesabu ilipanda mbele yangu bila kukosea: 1, 2, 3, 4. Nilishuka mjini moyo umetulia. Nikipanda tena, sifuri.

Nitarudi kwenye kosa lenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Lakini halitaeleweka bila kwanza kuieleza programu niliyokuwa naitumia kuzungumza na ile bodi. Ni programu ninayoipenda kwa dhati, na ningetamani kila kijana anayeingia kwenye kazi hii aanzie hapo.

Inaitwa picocom. Aliyeitengeneza ni Nick Patavalis, na ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuisoma ndani. Kabla yake kulikuwa na minicom ya Miquel van Smoorenburg, ambayo bado ipo na bado inafanya kazi vizuri, yenye menyu zake na faili lake la mipangilio. Picocom ikachukua njia ya kupunguza, na jina lake linatangaza hivyo: ile ni mini, hii ni pico. Kwenye Ubuntu au Debian, ambayo ni mifumo ya Linux, unaandika `sudo apt install picocom`, na hata ukiwa na bando la kuhesabu, inashuka kabla hujamaliza kukunja miguu. Kuifungua ni mstari mmoja:

`picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0`

Hiyo 9600 ni kasi ya mawasiliano, na `/dev/ttyUSB0` ni jina la mlango wa kompyuta ulikochomekwa kebo. Picocom inakuonyesha mipangilio yake yote kwa mistari michache, inakuambia terminali iko tayari, kisha inanyamaza. Hakuna dirisha wala kitufe cha kubonyeza kwa kipanya. Unachoandika kinaingia kwenye waya, na kinachotoka kwenye waya kinakuja kwenye skrini. Hata herufi unazobonyeza mwenyewe huzioni, isipokuwa kile kifaa cha upande wa pili kiamue kukurudishia.

Hilo la mwisho huwasumbua wageni. Wengine hudhani programu imeganda. Kwangu mimi ndiyo hazina yake, na ndilo somo la kwanza ninalompa kijana yeyote anayekuja kujifunza kwenye karakana yangu, karibu na soko la Mbuyuni. Simpi ruta wala Arduino. Nampa adapta ya USB, ile ndogo yenye pini za TX, RX na GND (ardhi), na kipande kimoja cha waya. Namwambia aunganishe TX na RX ya adapta hiyohiyo, yaani mdomo wake na sikio lake mwenyewe. Afungue picocom, aandike jina lake. Jina linatokea. Halafu namwambia achomoe waya, aandike tena.

"Fundi, kibodi imekufa," aliniambia mmoja, amekunja uso.

Nikamwambia arudishe waya. Kibodi ikafufuka. Akautoa, ikafa. Akaurudisha. Alifanya hivyo labda mara kumi bila kusema neno, na nikamwacha, maana niliona kinachoendelea usoni mwake. Alikuwa anaona kwa macho yake kwamba herufi zilizo kwenye skrini zimekwenda safari na kurudi. Programu ambayo ingemwonyesha herufi zake yenyewe ili ajisikie vizuri ingemnyima hilo. Na tangu siku hiyo ana kipimo ambacho hakuna kifaa cha bei kubwa kinachokishinda: kituo kikinyamaza, anaunganisha TX na RX kwenye ncha ya kebo yake. Jina likirudi, basi kompyuta ni nzima, adapta ni nzima, kebo ni nzima, na ugonjwa uko upande wa pili. Lisiporudi, asiguse kifaa cha mteja hata kidogo.

Nimeona mafundi wakifungua mashine za watu, wakabadilisha vipuri, wakatoza hela, na tatizo lilikuwa kebo yao. Inaniuma kila nikiona.

Tukimaliza hapo ndipo tunazungumza habari ya kasi. Mawasiliano haya ya siriali, ya kutuma alama moja moja kwa mfuatano, hayana waya wa kupigia mdundo. Kuna waya wa kusema, waya wa kusikia, na waya wa pamoja wa ardhi. Huwaeleza vijana kwa mfano wa watu wawili wanaorushiana matofali gizani kwenye ujenzi. Anayerusha na anayedaka hawaonani, kwa hiyo lazima wawe wamekubaliana mwendo kabla ya kuanza. Mrushaji akiharakisha kuliko mdakaji, matofali yanaanguka. Kwenye waya, mstari ukiwa umepumzika unakaa juu. Unaposhuka, hiyo ni ishara kwamba herufi inakuja. Zinafuata biti nane, kila moja ikiwa 0 au 1, zikipita moja baada ya nyingine, kisha mstari unarudi juu kwa biti moja ya kumalizia. Jumla biti 10 kwa herufi moja. Kwa kasi ya 9600, hizo ni herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya kizamani ya herufi 80 kwa mistari 24 ilikuwa inajaa kwa sekunde mbili, unaiona ikijaa kama mtu anayeandika kwa haraka sana.

Kasi hiyo hupimwa kwa baudi, neno lililotoka kwenye jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa wa karne ya 19. Nalipenda jambo hili la majina. Lile neno `tty` ambalo kijana analiandika kila siku kwenye `/dev/ttyUSB0` bila kujiuliza ni ufupisho wa jina la taipureta za simu, mashine zilizokuwa zikipiga chapa karatasini maneno yaliyotumwa kutoka mbali. Teletype Model 33 ilitoka mwaka 1963, na ilipiga herufi 10 kwa sekunde. Mashine za aina hiyo zilikuwa na kazi mbili tofauti za kumaliza mstari: moja ya kurudisha kichwa cha kupigia chapa mwanzo wa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi juu. Kwa hiyo zikawekwa herufi mbili tofauti, na mpaka leo tunazo, ingawa karatasi haipo tena.

Uthibitisho wake utauona siku utakapounganisha kifaa na maandishi yakashuka skrini kama ngazi, kila mstari ukianzia pale ulipoishia uliotangulia:

```
joto 19
       unyevu 88
                hesabu 14
```

Kijana akiona hivi mara ya kwanza husema kifaa kimeharibika. Hapana. Kifaa kinasogeza karatasi tu, hakirudishi kichwa. Na picocom, kwa kuwa haijiongezei chochote, inakuonyesha hivyohivyo. Ukitaka irekebishe, unaiambia mwenyewe: `--imap lfcrlf`, yaani kila ikipokea ishara ya kusogeza karatasi, iichukulie kama zote mbili. Mstari mmoja wa amri, na ngazi inakuwa sakafu. Kuna programu zinazofanya marekebisho haya kimyakimya bila kuulizwa. Sizilaumu, zina watu wake. Lakini mtu aliyeiona ngazi na akajua sababu yake hatapotea siku atakapoandika yeye programu ya kifaa na mwenzake akalalamika kwamba maandishi yake yamepinda.

Sasa nisimulie habari ya Uru, ili msomaji asidhani kazi hii ni ya vibodi vya kuchezea tu.

Shule moja ya njia ya Uru ilikuwa na ruta niliyokuwa naitunza. Jioni moja, nikiwa nyumbani, niliingia kwa mbali nikaongeza sheria za ulinzi. Niliweka sheria ya kukataa kila anayegonga kutoka nje, na nikasahau kuweka kwanza ile ya kuniruhusu mimi. Nilipobonyeza, nikajifungia nje palepale, na pamoja na mimi nikaifungia shule nzima mtandao. Kesho yake asubuhi walikuwa na taarifa za wanafunzi za kutuma. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kupanda boda na kumpigia mwalimu mkuu nikiwa njiani, nikamwambia ukweli kwamba kosa ni langu.

Alinifungulia ofisi, akanimulikia kwa tochi ya simu maana taa ya kona ile ilikuwa imeungua. Nyuma ya ruta kulikuwa na mlango wa konsoli, tundu la kuzungumza na ruta yenyewe kwa kebo. Nikachomeka kebo, nikafungua picocom kwa 9600, nikabonyeza Enter. Vikaja vialama visivyosomeka, kama kuku amepita juu ya karatasi. Mwalimu akashtuka. Mimi nikafurahi, kwa sababu vialama ni afadhali mara mia kuliko kimya. Kimya maana yake hakuna anayesema, au waya umekosewa. Vialama maana yake yupo, anasema, ni mwendo tu haujaoana.

Picocom ina kitufe chake kimoja cha kuiamsha, Ctrl-A. Ukikibonyeza, kitufe kinachofuata kinakuwa amri kwa programu yenyewe na hakiendi kwenye waya. Ctrl-A kisha Ctrl-U inapandisha kasi ngazi moja. Nikapandisha, ikaandika 19200. Nikabonyeza Enter, vialama. 38400, vialama. 57600, vialama. 115200, na hapo likaja jina la shule, limenyooka, likifuatiwa na ombi la kuingia. Sikuwa nimetoka kwenye programu hata mara moja. Nikaingia, nikaifuta ile sheria, nikaandika nyingine kwa utaratibu unaotakiwa, na mtandao ukarudi.

"Umeingiaje na ulisema mlango umefungwa?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Nikamwonyesha kebo. Konsoli haipiti kwenye mtandao. Sheria zote za mtandao zinaweza kukukataa, lakini ukisimama mbele ya kifaa chenyewe na waya mkononi, kipo kitu kinachosikiliza. Ndiyo maana chumba cha ruta kinastahili kufuli zuri kuliko nenosiri refu, na nilimwambia hivyo usiku uleule, na ndani ya wiki hiyo alikiweka.

Mambo mengine madogomadogo niyataje kwa haraka, kwa sababu najua yupo atakayejaribu leo usiku. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua mlango, usikimbilie `sudo` kila siku; jiunge na kundi la dialout kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, utoke kwenye akaunti yako, uingie tena. Ukichomeka adapta yenye chipu ya CH340 kwenye Ubuntu 22.04 na mlango ukatokea kisha ukapotea, angalia `dmesg`, yaani ujumbe wa mfumo wenyewe. Mara nyingi ni brltty, programu ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu, imedhani adapta yako ni kifaa chake na imekinyakua. Kama hakuna asiyeona anayeitumia kompyuta hiyo, iondoe. Ukitaka kutuma Ctrl-A yenyewe kwa kifaa, ibonyeze mara mbili. Na tafadhali, kabla ya kuunganisha chochote, ujue volti. Siriali ya zamani ya RS-232, iliyowekewa kanuni yake mwaka 1960, inaweza kupanda hadi volti 15 na kushuka hadi hasi 15. Bodi nyingi za leo zinaishi kwa volti 3.3. Ukizigusanisha bila kigeuzi katikati, bodi inakufa bila moshi wala sauti, na utakaa siku nzima ukiiuliza maswali maiti.

Turudi Kibosho.

Mvua ilianza tena, tukahamia barazani. Mzee akaingia ndani, nikabaki na laptopu magotini, kebo imepita dirishani hadi kwenye kiboksi. Mbele yangu palikuwa na maandishi niliyoyaandika mimi mwenyewe kwenye programu ya bodi. Kila inapowaka inaandika "Kituo kimewaka", halafu kila dakika inaandika hesabu. Nje kijikombe kilikuwa kinapinduka, hesabu ikapanda hadi 14. Kila kitu sawa, kama kila siku nikiwa nimekaa hapo.

Nilitaka kutoka ili nikaangalie jambo jingine kwenye laptopu. Kwa kawaida natoka kwa Ctrl-A kisha Ctrl-X. Siku hiyo kidole kikaangukia Q. Nikafanya nililokuwa nafanya, nikarudi, nikafungua tena picocom. Ikaja hesabu: 17.

Nikabaki naitazama. Kuna kitu kilikuwa kimekosekana na sikujua ni nini. Baadaye nikakijua: "Kituo kimewaka" haikuwepo.

Wiki zote zile, kila nilipofungua mlango, ile ilikuwa ndiyo sentensi ya kwanza kuniamkia. Nilikuwa nimeizoea kama hodi na karibu. Nilidhani bodi inanisalimu kwa sababu nimefika. Kumbe ilikuwa inanieleza ukweli mtupu, kwa maneno niliyoyachagua mwenyewe: kituo kimewaka. Sasa hivi. Kwa maana hiyo, punde tu kabla ya hapo kilikuwa kimezimwa.

Nikatoka kwa Ctrl-X, nikafungua. "Kituo kimewaka", 0. Nikasubiri ifike 3, nikatoka kwa Ctrl-Q, nikafungua. Hesabu ikaendelea, 4. Nikatoka kwa X. Salamu, sifuri. Nilirudia mpaka mikono ikatulia.

Kwenye waya za siriali kuna mmoja unaoitwa DTR, wa tangu enzi za modemu, ambao kazi yake ni kumwambia mwenzako kwamba terminali yako iko tayari. Linux ikifungua mlango, inauinua. Watengenezaji wa Arduino Uno waliunganisha waya huo na pini ya kuwasha upya, RESET, kupitia kapasita (kijidude cha kutunza umeme kidogo) ya nanofaradi 100, kwa nia njema kabisa: ukitaka kupakia programu mpya, bodi ijiwashe yenyewe bila wewe kubonyeza kitufe. Unapotoka picocom kwa Ctrl-X, inarudisha mlango ulivyokuwa na DTR inashuka. Ukifungua tena inainuka, na bodi inaanza upya. Ukitoka kwa Ctrl-Q, picocom inaondoka bila kugusa chochote, DTR inabaki imeinuliwa, na kufungua tena hakuleti mshtuko wowote. Ukitumia `--noreset` tangu mwanzo unapata jambo hilohilo. Na iko wazi: kwenye ile mistari michache inayoandika ikifunguka, mmoja unasema noreset ni hapana. Nilikuwa nimeupita kwa macho mara mia.

Hesabu yangu ilikaa kwenye kumbukumbu inayofutika bodi ikiwaka upya. Kwa hiyo mvua yote ya wiki nzima ilihesabiwa, kwa uaminifu, tone kwa tone, mchana na usiku, mpaka nilipopanda mimi na kebo yangu kwenda kuisoma. Tendo la kuuliza ndilo lililofuta jibu. Na kikombe changu cha maji kilifaulu kila mara kwa sababu nilikimwaga baada ya kufungua mlango, sikukimwaga kabla hata siku moja.

Nimejiuliza sana kama ningelipata kosa hili kwa programu kubwa yenye madirisha, ile inayofungua mlango yenyewe, kuufunga na kuufungua tena kwa niaba yangu kila ninapobonyeza hapa na pale. Sidhani. Pale kuwaka upya kunatokea mara nyingi kiasi kwamba kunakuwa sehemu ya mandhari. Picocom ilikuwa na njia mbili za kutoka, zimetenganishwa kwa makusudi na mtu aliyeona kwamba tofauti hiyo ni muhimu, na hakuna kitu kingine kilichokuwa kinasogea. Tofauti ilipotokea, ilikuwa peke yake kwenye skrini tupu.

Mzee alitoka na vikombe viwili vya kahawa. Nikamweleza, bila DTR wala kapasita. Nilimwambia: mashine ilikuwa inapima vizuri siku zote, ila kila nikija kusoma nilikuwa naiamsha upya, na ikiamka inasahau.

Akanyamaza kidogo, akaangalia kopo lake pale uwanjani.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unamwaga maji yangu kabla hujapima."

"Ndiyo, mzee. Ni mimi. Naomba radhi."

"Basi sasa usimwage."

Matengenezo yalichukua jioni moja. Niliweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND, mguu chanya upande wa RESET, ili mshtuko wa DTR umezwe kabla haujafika kwenye bodi. Lazima uitoe ukitaka kupakia programu mpya, kwa hiyo nimeichomeka tu, sikuichomea. Lakini kapasita peke yake haikuniridhisha, maana betri nayo inaweza kuisha, na mawingu ya masika hayaionei huruma sola. Nikaibadilisha programu ili kila pinduko liandikwe kwenye EEPROM, kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 1 iliyomo ndani ya chipu hiyohiyo, isiyofutika umeme ukikatika. Kila nafasi ya kumbukumbu hiyo imeahidiwa kuandikwa mara 100,000. Nilipiga hesabu: hata kama ingenyesha milimita 2000 kwa mwaka, hiyo ni mipinduko 10,000, na nafasi inayoandikwa kila mara ingedumu miaka kumi. Inatosha. Na ile salamu nayo nikaibadilisha. Sasa bodi ikiwaka inaandika "Kituo kimewaka upya mara" na namba, na namba hiyo nayo imehifadhiwa, ili atakayekuja baada yangu asiidhanie kuwa ni heshima.

Nilipanda tena baada ya siku nne. Safari hii sikumwaga kikombe chochote cha maji. Nilichomeka kebo, nikaandika mstari wangu mmoja, na picocom ikaandika mipangilio yake na kunyamaza. Salamu haikuja. Tulikaa kimya mimi na mzee tukisubiri dakika igeuke, yeye na rula yake, daftari lake limefunguliwa magotini. Kila asubuhi huwa anapima, anaandika, anamwaga. Akajumlisha siku nne kwa kalamu: milimita 31.

Skrini ikaandika 152.

Nikazidisha kwa 0.2 mbele yake, juu ya karatasi, ili aone hesabu yenyewe inavyokwenda. Ikaja 30.4. Akaiangalia kwa muda, akauliza ile 0.6 imepotea wapi, nikamwambia huenda ni macho ya rula, huenda ni upepo kwenye funeli, nitaifuatilia. Akakubali kwa kichwa. Kisha akapiga mstari wima kwenye ukurasa wa daftari, akaacha 31 yake upande wa kushoto, na upande wa kulia akaandika 30.4.